Prestige, cachet, clout, kudos: lini useme hadhi, lini useme jina

Miaka kadhaa iliyopita nilifasiri kijitabu cha shule moja ya bweni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi fupi ya Kiingereza: "The school has regained its prestige." Sikuipa hata dakika mbili. Nikaandika, "Shule imerudishiwa hadhi yake," nikaendelea na kurasa nyingine. Vijitabu vikachapwa, wazazi wakagawiwa, na wiki haikuisha mkuu wa shule akanipigia simu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Wazazi wananiuliza shule ilishushwa hadhi lini, na nani aliyeishusha. Mmoja anataka kujua kama usajili wetu bado upo. Niwajibu nini?"

Niliomba radhi, maana wazazi walikuwa wamesoma sawasawa na kosa lilikuwa langu. Tanzania ya leo, neno hadhi tunalisikia kwenye taarifa ya habari karibu kila wiki, na linakuja na serikali nyuma yake. Zahanati hupandishwa hadhi ikawa kituo cha afya, kituo cha afya kikawa hospitali ya wilaya. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Kule Kenya, Nakuru ikapata ya kwake tarehe 1 Desemba 2021. Hadhi ya namna hii ina barua, ina tarehe, ina saini ya mkubwa. Mzazi akisoma kwamba shule "imerudishiwa" hadhi, anaona mara moja kwamba kuna siku ilinyang'anywa.

Prestige haina barua. Tangu simu ile, kila ninapokutana na neno hilo na ndugu zake watatu, cachet, clout na kudos, huyapanga sambamba na maneno yetu kabla sijaandika herufi moja. Naandika hapa jinsi ninavyochagua, kwa faida ya wafasiri, waandishi wa habari, na yeyote anayeandika tangazo au wasifu wa kazi kwa Kiswahili akiwa na Kiingereza mbele yake.

Prestige yenyewe

Asili ya neno inasaidia sana. Kwa Kilatini, praestigiae zilikuwa hila za mfanya mazingaombwe, vile vitendo vya kumfunga mtu macho aone kisichokuwepo. Neno likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 17, likiwa bado na maana hiyohiyo ya udanganyifu. Sisi kitu hicho tunacho, na jina tulilokipa linapendeza: kiinimacho. Ilipofika karne ya 19 ndipo Waingereza walipoanza kulitumia kwa ule mng'ao unaomzunguka mtu au taifa mpaka watu wakavutwa nao, na kidogokidogo lawama ikafutika, ukabaki mng'ao peke yake.

Lakini macho hayajaondoka ndani ya neno. Hata leo prestige hukaa machoni mwa watu. Chuo kinaweza kuwa na walimu hodari na maabara nzuri kisiwe nayo, na kingine kikawa nayo kwa sababu tu watu wa karne mbili nyuma walikitazama kwa mshangao na wajukuu wao wakarithi mtazamo huo. Kwa hiyo swali la kwanza ninalojiuliza ni hili: kitu hiki, nani anaweza kukiondoa?

Kama anayeweza kukiondoa ni mamlaka, kwa barua, basi hadhi ndilo neno lenyewe. Mfano mzuri ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Hiyo ni hadhi, maana orodha ipo na aliyeorodheshwa anaweza kufutwa. Liverpool ya Uingereza ilifutwa mwaka 2021. Ilipoteza hadhi ya urithi siku ile, na hakuna njia nyingine ya kulisema jambo hilo. Lakini je, jina la Liverpool lilipungua hata kidogo katika vijiwe vya mpira vya Dar es Salaam au Mombasa? Halikupungua. Kiingereza kingeweza kutumia prestige pande zote mbili. Kiswahili kinatulazimisha tuseme ni ipi iliyoondoka na ipi iliyobaki, nami nafurahi kwamba kinatulazimisha.

Jina, basi, ndilo mshindani mkubwa wa hadhi, na naamini tunalidharau kwa sababu ni fupi na tumelizoea. Tunasema mtu ana jina mjini, fundi amejenga jina, mtoto ameharibu jina la ukoo, shule hii ina jina. Hapo hakuna ofisi iliyohusika. Watu wenyewe ndio waliotoa, na wao ndio watakaochukua. Mkuu wa shule aliponiuliza kijitabu kirekebishwe vipi, nilimwandikia, "Shule imeanza tena kuwa na jina." Akaniambia mke wake, ambaye ni mtu wa Pangani, angesema "shule imeanza kusifika tena." Hilo la mke wake ndilo lililochapwa, na ni bora kuliko langu. Kiingereza hupenda kuibeba prestige kama mzigo: unayo, umeipoteza, umeipata tena. Kiswahili mara nyingi kinastarehe zaidi na kitenzi: kusifika, kuheshimika, kuvuma, kuenziwa, kutukuka. Nikikwama na nomino, huenda kwenye kitenzi kwanza, na nusu ya matatizo huishia hapo.

Heshima inahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu ina milango miwili. Ukisema "kijana mwenye heshima," kila msikilizaji anaelewa kwamba kijana huyo ana adabu, anaamkia wakubwa, hajibizani na mama yake. Hakuna aliyesema kwamba watu wanamtukuza. Kwa hiyo "a man of prestige" ukiligeuza "mtu mwenye heshima," umemsifu tabia ilhali mwandishi alitaja cheo chake machoni mwa watu. Lakini sikiliza kinachotokea ukiongeza neno moja: "mtu na heshima zake." Hapo sasa tumempata. Huyu ni mtu anayepishwa njia, anayewekewa kiti. Ndiyo maana akifanya la aibu tunalia, "Mzee mzima na heshima zake!" Wingi ule na kile kimilikishi vimeibadilisha maana, na hakuna kamusi ya lugha mbili niliyowahi kuifungua ikanionyesha hilo.

Sifa nayo ina mtego. "Taasisi yenye sifa" kwenye tangazo la zabuni ni taasisi iliyotimiza masharti. "Mtu wa sifa" mtaani ni yule anayependa kuonekana. Ukitaka maana ya kusifika, ongeza kivumishi, "yenye sifa nzuri," au rudi kwenye kitenzi.

Halafu kuna fahari, ambayo watu wa pwani wanaijua kwa macho. Ingia nyumba ya zamani ya mawe ya Lamu, utazame ukuta wa ndani wenye zidaka, vile vijishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu. Humo zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China na kwingineko, mahali ambapo mgeni aliyekaa angeziona. Kaure hizohizo zilipachikwa mpaka kwenye makaburi ya mnara, kama yale ya Mambrui na Kunduchi. Wataalamu wa mambo ya kale huviita vitu hivi "prestige goods," na nimeona vikifasiriwa "bidhaa za hadhi." Bidhaa za hadhi ni nini? Msomaji atafikiri ubora umepimwa na shirika la viwango. Hivi ni vyombo vya fahari. Viliwekwa vitazamwe, na mwenye nyumba alipandishwa na kutazamwa kwake. Siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba, nazo zilikuwa za fahari, ingawa kwa siwa ningekubali pia kusikia jaha, neno la zamani kidogo ambalo leo limebaki zaidi katika ushairi na katika usemi wa nyota ya jaha.

Angalizo kwa wachapaji: fahari na fahali si neno moja. Wawili wasiokaa zizi moja ni mafahali, kwa l, na hao wana pembe.

Mahali pamoja ninapomshauri mtu aache hadhi ilipo ni katika isimu. Wanafunzi wetu husoma habari za hadhi ya lugha, na neno limekaa vizuri, kwa sababu mara nyingi kuna uamuzi nyuma yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo. Kiunguja kilipewa hadhi, tarehe ipo. Lakini Kimvita cha mshairi Muyaka bin Haji, au Kiamu kilichobeba tenzi kwa vizazi, havikungoja mkutano. Watu wa Mombasa na Lamu walijua wana nini mdomoni, na washairi wa mbali walikopa maneno yao ili shairi lipate uzito. Mwandishi wa Kiingereza ataviita vyote "prestige dialect." Mimi ningeandika kwamba Kiunguja ni lahaja iliyopewa hadhi, na Kiamu ni lahaja iliyoenziwa na washairi. Nikiandika hadhi kote kuwili nitakuwa nimefuta malalamiko ya karibu miaka 100 ya watu wa pwani ya kaskazini, ambao lahaja zao hazikuchaguliwa, na sina haki ya kuyafuta.

Cachet

Hili hutamkwa kasheyi, na watu huliandika wakimaanisha cache, yaani ghala la siri au silaha zilizofichwa. Ukikuta "cachet of arms" kwenye taarifa, aliyeandika amekosea. Usiifasiri kama ilivyo.

Kwa Kifaransa cachet ni muhuri. Wafalme wa Ufaransa walikuwa na barua zilizotiwa muhuri huo ambazo zilitosha kumfunga mtu bila kesi. Mwandishi Voltaire alipelekwa nazo gereza la Bastille mwaka 1717. Zilifutwa mwaka 1790, Mapinduzi yalipokwisha kuanza. Maana ya kuonyesha ubora ilikuja baadaye, na ukiufikiria muhuri utaielewa: kitu kimegongwa alama, na alama ndiyo inayokipa thamani.

Tofauti yake na prestige ni ya ukubwa na ya ladha. Prestige inaweza kuwa ya taifa zima au jeshi. Cachet ni ndogo, ni ya wenye kujua. Nenda kwenye duka la kofia, Lamu au Unguja, siku za kuelekea Idi. Zipo za mashine, safi, rahisi. Zipo za mkono, bei yake mara nyingi zaidi. Muuzaji hahubiri. Mnunuzi mwenyewe ataichukua kofia, ataigeuza ndani nje, ataipeleka kwenye mwanga atazame vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kisha atasema maneno mawili: "Ya mkono." Basi. Hiyo ndiyo cachet, na angalia kwamba Mswahili hakuitafutia nomino. Ameutaja muhuri wenyewe.

Ndivyo ninavyolifasiri mara nyingi. "The hand-stitched cap has a certain cachet" kwangu ni "Kofia ya mkono ina wenyewe." Watu wa pwani wataelewa papo hapo kwamba si kila mtu anaijua thamani yake. Katika maandishi rasmi zaidi naweza kuandika "ina thamani ya pekee kwa wanaoijua." Na kama ni mahali, kwa mfano anwani ya Mji Mkongwe inayompa mtu cachet, nitarudi kwenye jina: "Kukaa Mji Mkongwe kunampa mtu jina." Kitu nisichokiandika ni hadhi. Hata chapa nakwepa, ingawa kwa asili iko karibu na muhuri, kwa sababu wafanyabiashara wameshaichukua kwa maana ya nembo ya bidhaa.

Clout

Clout ni nguvu ya kufanya jambo lifanyike. Zamani ilikuwa kiraka cha kitambaa, halafu ikawa pigo la mkono, na katika karne ya 20 wanasiasa wa Marekani, hasa wa Chicago, wakaifanya nguvu ya kupitisha mambo. Ukishajua hivyo huwezi kuichanganya na prestige. Mfalme asiye na madaraka anaweza kuwa na prestige tele asiwe na clout. Dalali wa kura asiyejulikana na mtu anaweza kuwa na clout mpaka waziri akampigia simu.

Kiswahili hapa kimekamilika: mtu mwenye kauli. Mtu mwenye sauti. Mtu mzito. Kwa nchi na mashirika, uzito: "nchi yenye uzito katika kikao." Ushawishi ni sahihi pia, ila una ubembelezi ndani yake, na clout haibembelezi.

Vijana wa mitandaoni wanalitumia kwa maana nyingine, ya kutaka kuzungumzwa kwa gharama yoyote. Tanzania jambo hilo lina jina lake tayari: kiki. Msanii anatafuta kiki. Mwandishi wa habari za burudani asipate shida.

Kudos

Kwa Kigiriki cha kale kydos ni utukufu, ule wa shujaa aliyeshinda vitani, na wanafunzi wa vyuo vya Uingereza waliligeuza kuwa neno la utani la kusifiana. Ni umoja. Waingereza na Wamarekani wengi, kwa kuiona s ya mwisho, walidhani ni wingi, wakatunga "kudo" moja. Wasichekwe: sisi tuliichukua "keep left" ya barabarani tukapata kiplefti, na viplefti vikazaliwa.

Likisimama peke yake, "Kudos to the nurses!", liandike Heko kwa wauguzi! Kenya watasema Kongole, na ni zuri mno. Natamani Watanzania tulizoee. Hongera naiweka kando hapa. Hongera humfaa aliyefikiwa na heri, kama kujifungua, kuoa au kuhitimu, na heko humfuata aliyetenda. Wauguzi walitenda.

Likiwa ni kitu mtu anachopata, "he gained kudos for the rescue," ni sifa: "alipata sifa kwa uokoaji ule." Na kama sentensi inanusa mtu anayejichumia sifa za wenzake, Dar es Salaam watakuambia anatafuta ujiko, na hakuna neno la kamusi litakalolishinda.

Prestigious, inayosumbua kuliko zote

Hili ndilo linalotuharibia magazeti. Kila "prestigious" inakuwa "ya kifahari," na kifahari kwa msomaji wa leo ni zulia, kiyoyozi na magari meusi. Hoteli ya kifahari, sawa. Jengo la kifahari, sawa. Lakini "chuo kikuu cha kifahari" kinamwambia mzazi kwamba ada ni kubwa na mabweni yana mapazia mazuri. Sema chuo kinachosifika, chuo chenye jina, chuo mashuhuri kwa utafiti wake. "Kazi ya kifahari" kwa "prestigious job" nayo inapotosha. Hapa hadhi inarudi kwa haki yake, "kazi yenye hadhi," kwa kuwa kazi ina cheo na ngazi. Jina la mahali, kama lile jengo la maduka la Prestige Plaza katika barabara ya Ngong kule Nairobi, linabaki lilivyo.

Na mara nyingi zaidi ya watu wanavyofikiri, neno hili linafaa kuachwa kabisa. Kiingereza cha magazeti hulibandika kila penye tuzo. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alipopata Nobeli, niliona mahali imeandikwa "ametunukiwa tuzo ya kifahari ya Nobeli." Nikaipanga sambamba na hii:

"Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ametunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 2021."

Zisome zote mbili kwa sauti. Ile ya kwanza inaikumbusha Nobeli kwamba ni kubwa.